Kusuka lauhala ukiwa Hawaii: mwongozo kamili wa msafiri, kuanzia jani lenye miiba mpaka kazi yako ya kwanza

Niseme jambo moja mapema ili usipoteze hela na siku zako. Kusuka lauhala, yaani majani ya mti wa hala, si kugumu, mtu yeyote aliyekulia karibu na bibi anayesuka ukili ataelewa mkono unavyokwenda ndani ya muda mfupi tu, kazi yenyewe iko kwenye jani. Jani la hala lina urefu wa mita moja na kuendelea, lina miiba pande zote mbili na mingine chini kwenye uti wa katikati, na kabla hujasuka hata kipande kidogo inabidi ulichague, ulifute, ulitoe miiba, ulilainishe, ulikunje, ulipime ndo ulichane. Sasa watalii wengi wanaingia klasi ya saa moja hotelini, wanakuta chane zishaandaliwa zimepangwa mezani, wanasuka bangili, wanapiga picha, wanaondoka wanasema wamejifunza lauhala, na kusema kweli hawajaligusa jani. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya yule anayetaka kutoka pale akiwa anajua kazi, hata kama anajua kidogo.

Mti wenyewe kwanza

Hala ni Pandanus tectorius, ukoo mmoja na mkadi wetu wa pwani, ule ambao maua yake akina mama wa Unguja na Lamu wanayatia kwenye kikuba pamoja na asumini na rehani. Si mti uleule, ni spishi nyingine, ila ukiuona tu utamtambua ndugu yake: mizizi inashuka kutoka juu ya shina inaingia ardhini kama miguu ya dungu, majani yamejipanga kwa mzunguko, na kuna miti dume na miti jike. Dume linatoa ua lenye harufu wanaloliita hīnano, na zamani vifuniko vyeupe vya ua hilo vilisukwa mikeka laini sana. Jike linatoa tunda kubwa la vipande vipande, vikikauka ncha zake zilitumika kama brashi ya kupakia rangi kwenye kapa, kile kitambaa cha magome.

Mti huu ulikuwepo Hawaii kabla hajafika mtu yeyote, mabaki yake yamekutwa kwenye mwamba wa lava kisiwani Kauai yakiwa na umri wa zaidi ya miaka milioni moja. Wapolinesia walipofika na mitumbwi yao tayari walikuwa wanajua cha kufanya na majani yake, na matanga ya mitumbwi hiyo yalikuwa ya kusukwa. Visiwani wakasuka mikeka, mito ya kulalia, vikapu, vipepeo vya kujipepea. Kofia ilikuja baadaye, baada ya kuanza kuingiliana na wageni wa Ulaya na Marekani, lakini leo kofia ndo kilele cha ufundi, msukaji anaheshimika kwa kofia zake.

Kuna historia ya uchumi ndani yake pia ambayo ukiijua utaelewa kwa nini upande wa Kona, yaani magharibi mwa kisiwa kikubwa cha Hawaii, una wasukaji wengi. Huko ndo kwenye kahawa, na familia za wakulima zilisuka vikapu vya kuchumia kahawa na kofia, kofia zikapelekwa dukani kubadilishana na vyakula na mahitaji. Duka la Kimura pale Hōlualoa lililoanza mwaka 1914 lilianza kama duka la kawaida la bidhaa, likaishia kuwa duka la lauhala, na lipo mpaka leo.

Alafu kizazi cha wazee kikaanza kuondoka bila warithi. Kilichoiokoa kazi hii ni wazee wachache walioamua kufundisha watu wasio ndugu zao, jambo ambalo zamani halikuwa la kawaida kwani ufundi ulikaa ndani ya familia. Gladys Kukana Grace, aliyefundishwa na bibi yake, alipewa tuzo ya kitaifa ya urithi wa sanaa ya Marekani mwaka 2010, na sifa yake kubwa ilikuwa kofia za ʻanoni, yaani zile zenye nakshi ya rangi mbili za jani. Elizabeth Maluʻihi Lee wa Kona naye alisimama nyuma ya mkutano wa wasukaji unaoitwa Ka Ulu Lauhala o Kona, ulioanza miaka ya 1990, ambapo watu wanakaa pamoja siku kadhaa wanasuka na kufundishana. Ukienda kujifunza leo, ukifuatilia mwalimu wako alifundishwa na nani unaweza ukafika kwa mmoja wa wazee wa rika hilo, na ukimuuliza atakutajia kwa fahari, hivyo muulize.

Hatua ya kwanza: chagua kisiwa kimoja ukae hapohapo

Kosa kubwa la wasafiri ni kutaka kuona visiwa vinne ndani ya wiki. Kuruka kutoka kisiwa hadi kisiwa ni ndege, hakuna feri za kukuzungusha kama Dar na Zanzibar, na kila kuhama kunakula siku. Ukitaka kusuka, kaa sehemu moja.

Mimi nashauri kisiwa kikubwa, kile chenye jina la Hawaii lenyewe. Upande wa Kona una wasukaji na maduka, upande wa Hilo na Puna ndo kwenye miti, Puna imeimbwa na kusifiwa tangu zamani kwa harufu ya hala yake. Sehemu ya Puna ya chini ilifunikwa na lava mwaka 2018 mlima Kīlauea ulipolipuka kwa miezi kadhaa, nyumba zaidi ya 700 zikaenda, hata hivyo bado utaiona miti ya hala kando ya barabara ya pwani. Ukiweza kupanga safari ikutane na wiki inayoanza Jumapili ya Pasaka, Hilo kunakuwa na tamasha la Merrie Monarch ambalo linajulikana kwa hula, ngoma yao ya asili, lakini maonyesho ya kazi za mikono ya wiki hiyo ni mahali pazuri sana pa kukutana na wasukaji ana kwa ana.

Kama safari yako inakubana Oahu, kisiwa chenye jiji la Honolulu, si vibaya. Bishop Museum iliyoanzishwa mwaka 1889 ina mikeka na vikapu vya zamani, nenda ukaviangalie kabla ya klasi yoyote, utaona chane nyembamba kiasi kwamba utabaki umeduwaa. Royal Hawaiian Center pale Waikīkī imekuwa ikitoa klasi za bure za utamaduni, lauhala ikiwemo, ratiba inabadilika kwa hiyo angalia kwenye tovuti yao kabla ya kwenda. Maui kuna mji mdogo wa Hāna, unaufikia kwa njia ndefu yenye mamia ya kona, na karibu yake kuna bustani ya Kahanu yenye msitu wa hala wa asili. Pia hifadhi ya Waiʻānapanapa iko hukohuko, ila asiye mkazi wa Hawaii lazima akate nafasi mtandaoni kabla, ukifika bila hiyo unarudishwa.

Kuhusu karatasi nitapita haraka. Mwenye pasi ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo anahitaji visa ya Marekani, Hawaii ni jimbo la Marekani tangu 1959 na hakuna visa yake ya pekee. Visa ya utalii inaruhusu klasi fupi ya kujifurahisha isiyotoa cheti cha masomo, hivyo klasi ya kusuka haina shida, lakini usiende kuuza kazi zako kule. Walioko tayari Marekani wao ni safari ya ndani tu, kutoka Los Angeles ni kama saa sita angani. Na ukipiga simu kwa mwalimu kutoka nyumbani kumbuka Hawaii iko nyuma yetu kwa saa 13, ukiwa saa mbili asubuhi Dar kule ni saa moja usiku wa jana yake, huo ndo muda mzuri wa kumpata mtu akiwa ametulia nyumbani.

Hatua ya pili: mpate mwalimu kabla hujakata tiketi

Mwalimu kule anaitwa kumu. Wengi hawana matangazo makubwa mtandaoni, wanafundisha kwenye vikundi, kanisani, maktaba, kwenye ukumbi wa jamii, mara moja kwa wiki. Kwa hiyo anza kuulizia mapema: maduka ya lauhala, makumbusho, vituo vya sanaa. Hifadhi ya Puʻuhonua o Hōnaunau huko Kona nayo huwa na maonyesho ya kazi za asili, wasukaji wakiwemo. Andika ujumbe mfupi wa heshima, jieleze wewe ni nani na unatoka wapi, sema una siku ngapi, na sema waziwazi kwamba unataka kujifunza kuandaa jani na siyo kusuka tu. Hiyo sentensi ya mwisho inafungua milango, kwa sababu kila kumu ana rundo la majani yanayosubiri kufutwa na kutolewa miiba, na mtu anayejitolea kufanya kazi hiyo anapendwa mara moja. Binafsi naona hapo ndo mahali pa kujifunzia, umekaa chini na akina mama wanapiga stori, mkono unafanya, sikio linasikia.

Kama una siku tatu tu, chukua klasi ya hoteli au ya kituo siku ya kwanza ili mkono uzoee, alafu zilizobaki omba kukaa na kikundi. Kama una wiki mbili, usiguse klasi ya watalii kabisa.

Malipo uliza moja kwa moja, hakuna aibu. Wengine wana bei, wengine wanasema lete mchango, wengine wanakataa hela kabisa, na huyo anayekataa hela ndo unamletea kitu.

Hatua ya tatu: adabu

Hapa mswahili ana bahati, mambo mengi atayakuta ya nyumbani. Unavua viatu mlangoni. Huendi mikono mitupu, unabeba chakula, matunda au kitu kitamu cha kugawana. Mtu mzima humwiti jina tupu, watu wazima wote ni Anti na Anko hata kama hamna undugu, vilevile tunavyofanya sisi. Ukikaribishwa chakula unakula.

Kabla ya kuchuma jani mtu anaomba ruhusa. Kwa mwenye shamba kwanza, na baada ya hapo kumu wengi wanasali au wanatamka maneno ya kuuomba mti, kwa Kihawaii. Simama, nyamaza, toa kofia kama umevaa, subiri amalize. Hata kama dini yako ni nyingine, kusimama kwa heshima hakukupunguzii kitu. Unachukua unachohitaji tu, na unaacha chini ya mti pakiwa pasafi kuliko ulivyopakuta.

Walimu wengi watakwambia pia usisuke ukiwa na hasira, na utaona kwa macho yako kwa nini, mtu mwenye hasira anavuta chane kwa nguvu na kazi inapinda upande mmoja. Usipige picha ya nakshi ya mtu bila kuuliza, nakshi nyingine ni za familia. Na usisahau unaingia kwa watu ambao ufalme wao ulipinduliwa mwaka 1893, na lugha yao ikaondolewa mashuleni mwaka 1896, ikarudishwa kuwa lugha rasmi ya jimbo mwaka 1978. Wakiwa waangalifu kuhusu nani anafundishwa nini, wana haki kabisa.

Hatua ya nne: vifaa

Havizidi mfuko mmoja. Kisu kidogo chenye makali, mkasi, glavu nene za kazi za nje, kitambaa cha pamba cha kufutia, chupa ndogo ya kupulizia maji, vibanio vya nguo kama dazeni hivi, rula, na sindano butu au kijiti chembamba cha kupenyezea chane. Kisu na mkasi weka kwenye begi la mzigo, siyo la mkononi. Kifaa kimoja cha pekee ni cha kuchania, kipande cha mbao chenye nyembe au sindano zilizopangwa kwa nafasi sawa, unalipitisha jani juu yake linatoka limechanika chane za upana mmoja. Hicho kumu anacho, usinunue mpaka ujue unapenda upana gani.

Hatua ya tano: jani, na hapa usiwe na haraka

Unachuma jani lililokaukia mtini, la kahawia, linaloning'inia karibu kuanguka, au lililoanguka muda si mrefu na halijanyeshewa. Jani bichi la kijani achana nalo. Lililolala chini kwenye mvua linapata madoa meusi na ukungu, na ukungu huo hautoki, utauona kwenye kazi yako miaka yote. Asubuhi ni muda mzuri kwani jani bado lina unyevu kidogo wa usiku, mchana jua kali linakuwa kavu linapasuka mkononi.

Lishike jani mahali pana karibu na kitako, likunje kidogo uone kama linapinda au linavunjika. Angalia urefu: unataka refu, lisilo na matundu, rangi moja kuanzia juu mpaka chini. Majani ya mti mmoja weka pamoja, usichanganye, kila mti una unene wake na rangi yake, kuna yanayokaribia nyekundu na kuna meupe ya maziwa, na ukichanganya bila mpango kazi itakuwa na mabaka. Usichume ndani ya hifadhi za taifa wala za jimbo, ni kosa kisheria. Na usibebe majani kutoka kisiwa kimoja kwenda kingine, maana kuna mdudu mdogo anayenyonya hala, aliingia Hāna kule Maui mwaka 1995 na ameua na kudhoofisha miti mingi, na majani ni njia yake ya kusafiri.

Ukifika nyumbani kwa kumu unakata kitako kile kigumu na unakata ncha ile nyembamba. Alafu kufuta. Kitambaa chenye unyevu kidogo, unafuta kutoka kitakoni kuelekea nchani kwa sababu miiba imelala upande huo, ukirudisha mkono kinyume utajua mwenyewe. Maji ya kitambaa yatageuka kahawia kama chai, badilisha, endelea, pande zote mbili.

Sasa miiba. Unachoma ncha ya kisu ndani kidogo ya ukingo wa jani, karibu na mwisho mmoja, unaachanisha kamba nyembamba yenye miiba, unaishika na kuivuta kwa urefu wote wa jani itoke nzima. Ikitoka nzima moja kwa moja inaleta raha ya ajabu. Ikikatika katikati unaanza tena pale ilipokatikia. Upande wa pili hivyohivyo. Uti wa katikati una miiba upande wa chini, huo unautoa hapohapo, unalipasua jani mara mbili kufuata uti na unautupa, kwa hiyo jani moja linakupa nusu mbili safi.

Inayofuata ni kulainisha. Shika nusu jani mikono miwili, lipitishe juu ya mgongo wa kisu au nguzo laini ya mbao, vuta mbele na nyuma, huku na huku, mpaka usikie limeacha kukwaruza na limeanza kuteleza. Jani lililolainishwa vizuri linakaa flati na linang'aa upande mmoja, na huo upande unaong'aa ndo uso wa kazi, ujue kabisa ni upi kabla hujaendelea.

Majani yakishakuwa laini yanaviringishwa. Unaanza na moja, unalizungusha kwenye vidole, unaingiza mwanzo wa la pili chini ya mwisho wa la kwanza, unaendelea kuzungusha na kukaza mpaka unapata gurudumu kubwa wanaloliita kūkaʻa. Gurudumu likikaa wiki kadhaa majani yanatulia yananyooka. Hapa ndo mgeni wa siku chache anahitaji ukarimu wa wengine: wewe utaviringisha gurudumu ambalo hutalitumia, na utasukia gurudumu ambalo mtu mwingine aliliandaa miezi iliyopita. Fanya kwa moyo, mgeni mwingine atalikuta la kwako.

Kuchana ni mwisho. Kwa kazi ya kwanza chane za sentimita moja zinatosha, usikubali kushawishika na nyembamba. Kofia nzuri chane zake ni milimita tatu au chini ya hapo, huko utafika baadaye. Pitisha jani kwenye nyembe polepole ukiwa umelinyoosha, likienda kombo chane zitakuwa pana huku na nyembamba kule, na kosa hilo halifichiki ukisuka.

Hatua ya sita: kazi yako ya kwanza

Watu wengi wanaanza na bangili. Mimi nasema anza na kitandio kidogo cha kuwekea kikombe, kwa sababu kinakufundisha kona na ukingo, na ukijua ukingo umejua nusu ya mkeka.

Kata chane 16 za sentimita 25. Panga nane wima mezani, uso unaong'aa juu, zikae zimegusana, na kandamiza mwisho wa mbali kwa rula au kitabu. Puliza maji kidogo sana, ukungu tu, siyo kulowesha: jani likinywa maji linavimba, ukisuka limevimba kazi ikikauka inalegea na kuacha matundu. Inua chane ya 1, 3, 5 na 7, laza chane moja kwa upana katikati ya kazi, rudisha. Inua ya 2, 4, 6 na 8, laza ya pili iguse ya kwanza, rudisha. Endelea mpaka upande huo una nne, geuza kazi, suka nne nyingine upande wa pili. Tunaanzia katikati ili ncha zibaki sawa pande zote nne.

Hapo itakuwa imelegea, usihangaike. Sasa kaza: sukuma kila chane kuelekea katikati kwa ukucha wa kidole gumba, moja moja, zunguka kazi yote, alafu zunguka tena. Banisha kona nne kwa vibanio. Kama wewe umezoea ukili, jichunge hapa, kwenye ukili tunavuta ukingo kwa nguvu kwa sababu ni ufito mwembamba utakaokuja kushonwa kwa shazia na mwenzake, kumbe mkeka wa Hawaii unasukwa mzima mzima, hakuna kushona, chane ikiisha unaunganisha nyingine kwa kuilaza juu yake na kuendelea, kwa hiyo ukivuta ukingo tu kazi nzima inajikunja na kusimama katikati.

Ukingo sasa. Angalia ncha zinavyotoka upande mmoja: moja inatoka juu ya chane ya mwisho, inayofuata inatoka chini yake. Ile iliyotoka juu unaikunja kwenda nyuma na kuipenyeza chini ya msuko unaoukuta nyuma, ile iliyotoka chini unaikunja kuja mbele na kuipenyeza mbele. Kila mkunjo unaikumbatia chane ya mwisho na kuifunga isitoke. Kabla ya kukunja lowesha kidole, pitisha kwenye mstari wa mkunjo, subiri kidogo, la sivyo jani litapasuka hapohapo. Penyeza misuko miwili au mitatu ndani, vuta, kata kinachozidi karibu kabisa na msuko kifichike. Ukimaliza pande zote nne weka chini ya kitabu kizito usiku mmoja.

Fanya kingine siku hiyohiyo. Cha pili kitakuwa kizuri kuliko cha kwanza kwa mbali, na ndo utaanza kuona upana wa chane usiolingana ulikukwamisha wapi.

Baada ya hapo njia inapanda: bangili, kipepeo, kikapu kidogo ambacho kinasukwa kwa mshazari na chane zinasimama zenyewe kwenye kona, mara nyingi tabaka mbili ili uso unaong'aa uonekane ndani na nje. Kofia inaanzia kwenye piko, kile kitovu cha juu kabisa, alafu inashuka juu ya kalibu ya mbao. Usimwombe kumu akufundishe kofia kwenye safari ya kwanza, hiyo ni kazi ya miezi chini ya jicho la mwalimu, na kuiomba mapema kunaonyesha hujui unachoomba. Ndo maana kofia halisi inauzwa mamia ya dola, na ukiona ya bei rahisi sana kwenye duka la watalii uliza imetoka wapi, vitu vingi vya kusukwa vinavyouzwa pale vinaingizwa kutoka nchi za Asia.

Ukikosa mwalimu wa hala: mnazi

Jani la mnazi linasukwa likiwa bichi, halina miiba, halihitaji maandalizi, na mafundi wanaolisuka kwa watalii utawakuta Waikīkī na sehemu nyingine za fukwe. Kituo cha utamaduni wa Kipolinesia kule Lāʻie, kilichofunguliwa mwaka 1963, nacho kinawapa wageni nafasi ya kujaribu. Mtu wa pwani aliyewahi kusuka kuti la paa au pakacha atakuwa nyumbani kabisa. Wanakata kipande cha kuti chenye majani yake, wanapasua upongoo kwa urefu ili uwe mwembamba wa kupinda, wanaufunga duara na kusuka majani kwa mshazari kushuka chini, inakuwa kofia ndani ya nusu saa. Ukikaa na fundi mwambie nyumbani mnafanyaje, muonyeshe pakacha kama unaliweza, hayo mazungumzo yatakupa zaidi ya klasi. Ila jua kazi ya mnazi inakauka, inasinyaa na kugeuka kahawia ndani ya wiki, hiyo ni ya kufurahia siku hizo.

Kurudi nayo nyumbani

Uwanja wa ndege wa Hawaii kuna ukaguzi wa kilimo kwa wote wanaoelekea Marekani bara, mzigo unapita mashineni kabla hujafika kaunta ya ndege. Kazi iliyokaushwa na kukamilika kwa kawaida haina tatizo, majani mabichi, mbegu na matunda ya hala ndo ya kuacha. Ukiwa na gurudumu la majani makavu usilifiche, lionyeshe, uliza, na ukifika nchi yako eleza tena kwa maafisa wa mimea, kwani kila nchi ina sheria zake.

Nyumbani lauhala haipendi unyevu wala jua la moja kwa moja. Usiifungie kwenye mfuko wa plastiki, hasa ukikaa Mombasa au Tanga, itaota ukungu. Ifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, ikauke kivulini. Ikitumika inazidi kuwa laini na kung'aa.

Na mazoezi yasikatike kwa kukosa hala. Chane za ukindu zinafanya mazoezi mazuri ya msuko na ukingo ingawa ni nyembamba zaidi na zinateleza, zinapatikana sokoni, au nenda kwa mama anayesuka mikeka mtaani kwako umwonyeshe ukingo ule wa kukunja na kupenyeza. Mwenye mkadi uani ajaribu jani lake kavu, hatua ni zilezile, kufuta, kutoa miiba, kulainisha. Aliyeko Marekani anaweza kuagiza magurudumu ya majani yaliyoandaliwa kutoka kwa wauzaji wa Hawaii, hayana bei ya chini, na ukishawahi kutoa miiba kwenye rundo moja la majani hutauliza kwa nini.